Kijiji cha Kuomba Moto

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, jamani. Nitasema polepole, kwa maana hadithi hii ina maiti ndani yake.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji chenye moto mmoja tu. Moto huo ulikuwa na nyumba yake na mlinzi wake, na mlinzi alilishwa na kijiji kizima. Kila asubuhi wanawake walikwenda na vigae. Hodi, kaa la moto, asante. Hodi, kaa la moto, asante. Jioni wakishapika, waliacha meko yazimike. Nani ahangaike kufukia kaa majivuni, na kesho moto upo?

Isipokuwa Bi Mwajabu. Yeye alipekecha moto wake kwa vijiti.

"Bi Mwajabu, wajitesa bure!" walimcheka.

"Moto upo leo," alijibu. "Kesho ni ya Mungu."

"Huo sasa ni uchuro, bibi!"

Miaka ikaenda. Bi Mwajabu akazeeka, vidole vikakakamaa kama tangawizi. Kupekecha kukamshinda, naye akaanza kutuma kigae. Kijiji kikacheka tena: "Si tulisema?"



Mwaka mmoja masika ikaja kwa hasira. Mvua, chwaaa! Mto ukafurika, njia za kwenda vijiji vya jirani zikamezwa. Alfajiri moja, kabla mtu hajatoka na kigae, paa la nyumba ya moto likaanguka. Tssss! Kijiji kizima hakikubaki na kaa hata moja.

Asubuhi hiyohiyo mwanamke mmoja, Zaituni, akajifungua mtoto njiti, mdogo kama njiwa. Dada yake, Sikudhani, ndiye aliyempokea. Mavuno yaliyopita Sikudhani alikuwa amemwosha mama yao kwa ajili ya kaburi. Sasa alipomshika mtoto yule, alihisi baridi ileile.

Akakimbia matopeni hadi kwa Bi Mwajabu.

"Bibi, nisaidie! Mtoto anapoa!"

"Umemweka wapi?"

"Amefungwa nguo."

"Nguo mbichi! Mlaze kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, uwafunike wote wawili. Lakini kwanza nibebe, miguu yangu haiwezi tope hili."

Sikudhani akambeba mgongoni. Wanawake wakajaa nyumbani kwa Zaituni. Mtoto akalazwa kifuani mwa mama yake. Bi Mwajabu akainua macho, akatazama paa juu ya meko.

"Vuta fito mbili zile nyeusi. Zimekula moshi miaka mingi. Mvua haijui habari zao."

Ufito mmoja wakaulaza chini, wakautoboa pengo dogo ubavuni. Huo ndio ulindi. Wa pili wakausimamisha juu ya pengo.

"Kanyaga ulindi. Pekecha, Sikudhani. Usipumzike."

Fiki-fiki, fiki-fiki. Viganja vikapata moto kabla ya kijiti. Fiki-fiki, fiki-fiki. Mara moshi! Wanawake wakapiga vigelegele. Sikudhani naye akaachia kijiti, akainua mikono kumshukuru Mungu. Moshi ukapungua, ukapotea.

"Mbona umeacha?" akauliza Bi Mwajabu.

"Bibi, si moto umekuja?"

"Umekuja moshi. Moshi haupiki uji. Anza upya."

"Mikono imechubuka, bibi."

"Naiona. Yangu ingefaa, ningekupa."

Sikudhani akalia. Akalia huku akipekecha. Alipochoka, mwenzake alipokea kijiti. Huyo akichoka, akapokea mwingine. Moshi ulipokuja mara ya pili, waliziba midomo yao kwa viganja.

"Mungu anisamehe," mmoja akanong'ona, "kigelegele kimenikaba hapa kooni."

"Kimeze," akasema Bi Mwajabu.

Fiki-fiki, fiki-fiki. Unga mweusi ukajaa pengoni. Ndani yake, kitu chekundu, kama punje ya mtama.

"Sasa kiweke kwenye nyasi kavu. Usipulize kama unapoza uji. Pumua tu, kama unamsemesha mtoto."

Sikudhani akapumua. Akapumua. Bu! Moto.

Nyumba ikapata joto, maji yakapata joto. Jua lilipokuwa utosini, mtoto akalia. Sauti ndogo, ya kukwaruza. Hapo ndipo Bi Mwajabu akasema, "Haya, pigeni vigelegele vyenu."

Kesho yake kijiji kilipanga foleni kwa Bi Mwajabu, kila mtu na kigae chake.

"Moto sina wa kugawa," akasema. "Ulindi ninao. Kaeni chini mfundishwe."

"Bahili wa moto!" wakamtukana. "Mzee gani huyu?"

Hakuwapa. Walikaa chini wakinuna, Sikudhani akawafundisha, na viganja vyake vimefungwa matambara.

Mtoto alipoanza kutambaa, Bi Mwajabu akafariki. Mungu amrehemu. Ilikuwa desturi yao: akifa mzee, meko yote huzimwa hadi matanga yaishe, kisha watu huomba moto mpya. Wakazima. Wakamzika. Wakakaa gizani na baridi, wakimwombea.

Asubuhi ya kuondoa matanga, Sikudhani alipekecha moto wake, kisha akasimama mlangoni, mtoto wa dada yake kiunoni, akingoja hodi ya waomba moto. Hodi haikuja. Akasikia jikoni kwa jirani: fiki-fiki. Nyumba ya pili: fiki-fiki. Kisha moshi, paa hadi paa, kijiji kizima. Na hakuna aliyepiga kelele mpaka moto ulipowaka.

Ndugu zangu, cha kupewa kila siku hukatika siku moja. Ufundishe mkono wako ungali una nguvu, na anayekufundisha usimwite bahili.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mungu awape nuru wazee wetu waliotangulia.