Mshipa Usio na Mwenyewe

Mtu mmoja, jina lake Eliapenda, alikuwa na ufundi wa kuunda vimrija vya plastiki vya kuwekwa ndani ya mishipa ya moyo iliyoziba. Kimrija hushikilia mshipa uwe wazi mpaka upone, kisha chenyewe huyeyuka polepole, kama mbao zinavyoshika zege hadi likomae, kisha zikaondolewa. Kabla ya kukitengeneza, alikichora kwanza ndani ya kompyuta, akakitia katika mshipa wa kuigiza, akautazama moyo wa kuigiza ukikibana na kukiachia. Kimrija kilipoelemewa, kompyuta ilipaka nyekundu; palipokuwa salama, buluu.

Nyekundu ikatokea. Akabadilisha plastiki, ikatokea tena. Akanenepesha kuta za kimrija, bado. Wakubwa wake walikuwa wakiuliza, na hospitali ilikuwa ikisubiri. Ndipo, ndugu zangu, alipofanya jambo dogo sana. Hakukigusa kimrija. Aliugusa mshipa. Akaupunguzia ugumu, nyekundu ikafifia. Akaunyoosha palipopinda, akafuta chokaa iliyogandamana ndani yake. Mwishowe kioo chote cha kompyuta kikawa buluu. Watu wakapiga makofi, naye akapiga pamoja nao.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini hapa aliyeficha hakuwa mgonjwa, na kifo hakikuwa chake.

Wa kwanza kukubali kuwekewa kimrija kile alikuwa Elinihaki, mdogo wake wa kiume, wa tumbo moja. Alisema kitu kilichotoka mikononi mwa dada yake hakiwezi kumdhuru. Eliapenda aliposikia, hakumwambia kuwa aliubadilisha mshipa.

Asubuhi ya kuwekewa kimrija, madaktari walimwita awaonyeshe kwa mara ya mwisho. Elinihaki alikuwa papo hapo, juu ya kitanda cha magurudumu. Moyo wa kuigiza ukapiga, kimrija kikatulia, buluu tupu. Daktari mkuu akaitikia kwa kichwa. Elinihaki akakitazama kioo kwa furaha, akauliza:

"Dada, huo mshipa ni wa nani?"

Hakuuliza kwa hila. Alidhani ni wake. Na haukuwa wa mtu yeyote. Hakuna aliye hai mwenye mshipa laini na ulionyooka namna ile. Eliapenda aliogopa, tena aliogopa sana. Jina lake, kazi yake na makofi yale vilikuwa upande mmoja. Upande wa pili alilala mtoto wa mama yake, akitabasamu. Akauondoa mshipa ule, akauweka wa Elinihaki mwenyewe kutoka picha za hospitali, pamoja na mapindo yake na chokaa yake, akauacha moyo upige.

Nyekundu ikaenea, na kimrija kikapasuka mbele ya macho yao.

Siku ile Elinihaki hakuwekewa kimrija. Alipasuliwa kifua kwa njia ya zamani, akapona, na kovu lake ni refu. Eliapenda alianza kazi upya kwa aibu, na mshipa ule mgumu hakuubadilisha tena.

Na wewe unayenisikiliza, nyekundu ilipokutokea, uligusa kimrija au uligusa mshipa?