Mgeni Aliyeonja Kwanza

Wapendwa, tulieni kidogo niwape habari za mama mmoja. Msimtafute jina, hana. Mkitaka, mpeni la jirani yenu, au la kwenu.

Mama huyu aliishi katika kijiji cha milimani, na uani kwake ndiko kikundi cha akina mama kilikokutania. Kule kwao kulikuwa na desturi ambayo baadhi yenu mliikuta kwa bibi zenu. Mtu hakukabidhiwa togwa hivi hivi. Anayekupa hunywa kwanza funda moja mbele ya macho yako, ndipo anakupa kata. Maana yake ni kwamba sina neno nawe, na kama kuna baya humu, limeanza na mimi. Akishaonja, wewe unakunywa. Kuuliza baada ya hapo ni kumtukana mtu mbele ya wenzake. Mama huyu aliirithi desturi hiyo kwa mamaye, akaishika kama mtu anavyoshika ufunguo wa nyumba.

Siku moja akaja kijana wa kampuni, nadhifu, mpole wa maneno, na katoni za unga wa lishe wa watoto, mchanganyiko wa mahindi na karanga. Tangazo la unga huo lilikuwa likisikika redioni kila asubuhi: umepimwa, ni salama kwa mwanao. Wanawake wakakusanyika uani, uji ukapikwa. Mama akajaza kikombe, lakini badala ya kuonja yeye, akampa kijana.

"Kwetu mwenye chake ndiye huanza, baba."

Wote wakamtazama koo. Kijana hakusita. Alikunywa kikombe kizima, akajifuta mdomo, akaomba kingine.

"Huyu kwake hajapikiwa tangu juzi," mmoja akasema, na wote wakaangua kicheko.

Katikati ya kicheko kile binti wa mama yule, mtoto wake akiwa mgongoni, akanyanyua mkono. "Samahani, kaka. Umepimwa kitu gani? Na majibu yake nani ameyaona?"

"Umepimwa, dada. Kwani redioni hamjasikia?"

"Nimesikia. Ndiyo maana nauliza."

Mama akamvuta pindo la kanga. "Mtu ameshaonja," akamnong'oneza, "unamuuliza nini tena? Unataka waseme nimezaa polisi?"

Binti akashusha mkono.

Ngoja niwaulize. Mngekuwa pale, mmemwona mtu akinywa vikombe viwili kwa hiari yake, mngeendelea kuuliza? Mimi naona wengi wetu tungemvuta binti yule kanga kwa pamoja.

Basi mtoto akaanza kupewa uji ule asubuhi na jioni. Bibi yake ndiye aliyeupika, kwa mkono wake, na jirani mmoja aliposita, bibi akamwambia, "Mwenyewe kaunywa nikimwona." Jirani akanunua.

Haukupita muda mrefu mtoto akaanza kukataa chakula. Akawa analala mchana kutwa, tumbo limejaa kama ngoma. Asubuhi moja bibi alipomgeuzia mlangoni kwenye mwanga, aliona weupe wa macho yake umekuwa wa njano kama kiini cha yai. Wakakimbilia hospitali ya wilaya, yeye na binti yake, bila hata kufunga mlango.

Daktari akauliza mtoto anakula nini.

"Unga wa lishe, daktari. Umepimwa."

"Umepimwa na nani?"

Mama akageuka. Binti yake alikuwa amesimama kando. Hakusema neno, na mama aliona heri angesema.

Daktari akawaeleza taratibu. Mahindi na karanga zikihifadhiwa zikiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huo huacha sumu, sumukuvu. Haina ladha, haina harufu, na kupika hakuimalizi. Mtu mzima akinywa kikombe, hata viwili, huenda zake asisikie kitu. Mtoto mdogo anayelishwa kila siku, ini lake huharibika.

Mama akatoka kwenda kukaa kwenye benchi la nje ya wodi. Moyoni alikuwa akimpangia kijana yule maneno ambayo hakuwahi kuyatamka tangu azaliwe. Mwongo. Muuaji. Mtu aliyekunywa kwa ujanja ili akina mama wamwamini. Akainua macho, na kijana alikuwa pale pale, mwisho wa benchi lile lile, shati limekunjamana, amempakata mtoto. Mtoto akafumbua macho. Yalikuwa ya njano.

Mama akasogea karibu naye. "Na wewe, baba?"

"Mtoto wangu wa kwanza, mama. Nilikuwa namchagulia katoni mimi mwenyewe."

"Si ulisema umepimwa?"

"Niliambiwa na mkubwa wangu wa mauzo. Na yeye aliambiwa na watu wa kiwandani. Jana nimewapigia hao wa kiwandani." Akamfunika mtoto miguu. "Wanasema mashine ya kupimia haijafika. Ila tangazo lilikuwa limeshalipiwa."

Mama akabaki hajui mikono yake aiweke wapi. Alitamani kijana yule awe mwongo. Angekuwa mwongo, mama angemchukia, akarudi nyumbani na desturi yake ikiwa nzima.

Mjukuu wake alipona, polepole. Mtoto wa kijana yule hakurudi nyumbani.

Wapendwa, ile desturi ya kuonja haikuwa ya kijinga. Ilimkamata mtu mwenye nia mbaya, kwa sababu mwenye nia mbaya huogopa kikombe chake. Lakini asiyejua haogopi. Atakunywa mbele yako, atacheka nawe, atamlisha na mwanawe. Sasa sisi tunapima nini tunapomtazama msemaji usoni, tukasema ana sura ya ukweli, ana sauti ya upole, na redio nayo imesema? Tunampima mtu. Unga haujapimwa.

Na tusikimbilie kusema makampuni yote ni ya waongo. Hilo ni neno rahisi, nalo halimwokoi mtoto. Aliyepima kweli haoni taabu kuonyesha majibu. Muulize. Akikasirika, umeshajifunza kitu. Akikuonyesha, mshukuru na ununue. Lakini ukiambiwa "umepimwa" nawe ukampelekea jirani neno hilo kabla hujauliza, jua umekuwa tangazo, tena wewe hujalipiwa.

Leo baada ya ibada kuna wageni wameomba nafasi hapo nje waeleze dawa yao ya kuongeza nguvu. Tuwakaribishe vizuri, wakae kivulini, wapewe maji. Watasema imepimwa. Pengine imepimwa kweli. Basi kama kuna binti kati yenu atakayenyanyua mkono kuuliza, nawaomba akina mama mtakaokuwa mmekaa karibu naye jambo moja tu: iacheni kanga yake.