Buabua, Dubu na Mpaka wa Barafu

—Paukwa!

—Pakawa!

—Palikuwa na nini?

—Sema wewe uliyekuwapo!

—Palikuwa na baridi.

—Baridi ya wapi?

—Ya juu kabisa kule, kwenye utosi wa dunia. Baridi inayogandisha chafya kabla haijatoka puani! Jifunikeni khanga zenu. Na wewe Mwinyihaji, acha kutafuna barafu karibu na sikio langu, maana hadithi yenyewe ni ya barafu.

Lakini si barafu ya ubuyu ya kufunga kwenye mfuko, hiyo anayouza Bi Saumu. Hii ilianza milimani ikashuka mpaka baharini, nene kuliko minara ukiipandanisha. Theluji ya juzi imelalia theluji ya babu, ya babu imelalia ya babu wa babu, mpaka chini kabisa kuna theluji iliyoanguka wakati hapana hata mtu wa kusema “lo, theluji!” Na ukichungulia kwenye ufa wake, ndani ni buluu tupu. Jamani, mimi nikiisema tu mwili unanisisimka.

Upande mmoja barafu hiyo iliingia baharini. Upande wa pili iliishia kwenye ukanda mwembamba wa mawe, na hayo mawe ndiyo habari yetu. Hapo ndipo alipokuja kutaga Buabua, yule ndege mweupe mwenye kofia nyeusi na mdomo mwekundu, mwepesi kiasi kwamba ukimweka kiganjani utadhani umeshika barua. Mwepesi, lakini kila mwaka huruka toka upande wa chini wa dunia mpaka upande wa juu. Mwenzetu kwenda sokoni tu analalamika miguu.

Anafika, anatua, anaiamkia barafu kabla ya kumwamkia yeyote.

“Barafu, barafu, u hali gani?”

Na barafu inamjibu taratibu: tii... tii... tii...

Bibi yake alimfundisha kusikiliza. “Mjukuu wangu,” alimwambia, “hiyo haikai kitako. Inatembea. Kuna mwaka inakuja mbele, kuna mwaka inarudi nyuma, na mwendo wake si mmoja.”

Sasa pale pale aliishi Dubu mweupe. Loo, mnyama! Mguu wake mmoja ulitosha kukaliwa na familia. Alikula sili, wale wanyama wanono wa baharini, akala samaki, akala nyangumi aliyekufa akaoza. Akishiba, alishuka kwenye mawe kula mayai. Siyo kwa njaa! Kwa uroho tu, kama mtu anayekula pilau kisha anaramba sahani ya jirani.

Mwaka uliopita alikuja, nyaku, nyaku, nyaku, akamaliza mayai yote ya ndege wote. Buabua aliruka akamdonoa kichwani, krii! krii! Dubu akasema, “Asante, hapo hapo palikuwa pananiwasha.” Buabua akaondoka mwaka ule bila mtoto hata mmoja, akalia njia nzima, na njia yenyewe mnaijua urefu wake.

Mwaka huu ametaga mawili. Dubu huyo, anashuka.

“Shikamoo, Bwana Dubu.”

“Marahaba, kitoweo.”

“Bwana mkubwa, sikatai kuliwa. Lakini mtu wa heshima kama wewe akionekana anahangaika na mayai, watu wanasema. Tugawane nchi. Wewe chukua barafu yote, na sili wote wanaoilalia. Sisi tuachie haya mawe, mahali pa kutandika mkeka tu.”

Dubu akatazama nyuma. Barafu ilikwenda mpaka macho yakachoka. Akatazama mawe. Hata kugeuka hapakutosha. Akacheka, hwa hwa hwa!

“Na mpaka?”

Buabua akaanza kutetemeka, unyoya kwa unyoya. “Popote utakapo, bwana. Weka jiwe, weka mfupa. Ila tafadhali, nakushika miguu, usiseme mpaka ni ukingo wa barafu! Barafu hii inasogea. Ikisogea mbele tumekwisha!”

Mwajua mroho akisikia “usiseme hivi” hufanya nini?

“Mpaka ni ukingo wa barafu!” Dubu akanguruma. “Mwaka jana ilisogea mbele hatua moja, mwaka huu hatua moja, mwaka kesho hivi hivi! Ikifika kwenye kiota chako, nami nimefika.”

Akala kiapo juu ya barafu, na huko kwao hicho si kiapo cha mchezo: ukikivunja, siku utakapoikanyaga barafu nayo inakuvunjikia. Dubu haogopi kitu, lakini hilo aliliogopa.

Mwaka wa kwanza mayai yakasalimika. Ndege wakashangilia.

Mwaka wa pili Buabua akarudi toka upande wa chini wa dunia.

“Barafu, barafu, u hali gani?”

Tii... tii... tii...

Ilikuwa imesogea mbele. Viota vya pembeni vikaingia upande wa Dubu. Nyaku, nyaku! Ndege wakamgeukia Buabua, midomo yote kwa pamoja. “Umetuuza! Umemwekea mwizi sheria ya kuibia!” Buabua alikaa juu ya mayai yake akahesabu ni mawe mangapi yamebaki kati yake na Dubu, na hayakuwa mengi. Nawaambieni ukweli, hata yeye aliogopa kwamba ujanja wake umemrudia mwenyewe.

“Mwaka jana hivi, mwaka huu hivi,” Dubu akaimba, “mwaka kesho hivi hivi!”

Mwaka wa tatu. “Barafu, barafu, u hali gani?”

Tii-tii. Tii-tii.

Ilikuwa imerudi nyuma, upana wa mkeka. Mwaka uliofuata ikasimama kabisa, kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mwaka mwingine ikarudi nyuma tena, safari hii mikeka ya msikiti mzima. Yakatokea mawe mapya, mawe ambayo jua halikuwahi kuyaona tangu liumbwe, bado yana unyevu. Ndege wakatua juu yake kwa ncha za vidole.

“Aa, imejikwaa tu,” akasema Dubu. “Mwakani itarudi.” Lakini sasa, ili barafu ikirudi mbele asikose yai la kwanza, akahamia kwenye ncha kabisa, pale kona ya bahari na mawe. Jicho moja kwa sili, jicho moja kwa mayai. Analala hapo, anaamka hapo.

Tena ukaja mwaka ule.

Buabua alikuwa bado yuko angani, mbali, akaisikia barafu kabla hajaiona. Haikuwa tii tena. Ilikuwa tiririri, kama bomba lililopasuka. Na chini ya sauti hiyo, ndani kabisa, kitu kinaguna: nguu... nguu...

Hakuuliza hali. Alishuka moja kwa moja.

“Bwana Dubu, ondoka hapo! Rudi nyuma!”

“Unaogopa, siyo?” Dubu akapiga miayo. “Unajua inakuja.”

“Ndiyo, naogopa. Si kwa ajili ya mayai. Isikilize!”

“Mwaka jana hivi, mwaka huu...”

KA!

Ufa ukapita nyuma ya mgongo wake kama kisu kwenye tikiti. Ka-ka-ka-ka! Mlima mzima wa barafu ukainama, polepole, polepole mno, kama bibi harusi anayeamkia wakwe. Kisha BWAAA! Bahari ikapanda juu kukutana nao. Ndege wote wakaruka. Mapande ya barafu makubwa kuliko misikiti yakazama, yakaibuka, yakabiringika, na matumbo yake yalikuwa ya buluu nzito kuliko ile ya ufani, ambayo hapana jicho lililowahi kuiona. Pu, pu, pu, pu: hewa ya kale ilikuwa ikitoka ndani yake, pumzi ya siku ambazo hata bibi wa bibi yake Buabua hakuzijua. Buabua alining’inia angani akasahau kupiga mbawa.

Maji yalipotulia, Dubu alionekana mbali, amesimama juu ya kipande chake, kinaelea kwenda zake.

“Mpaka!” akapiga kelele. “Mpaka ni ukingo wa barafu!”

“Ndiyo, bwana,” Buabua akamjibu. “Nao unao hapo miguuni, pande zote nne.”

Kuogelea anaweza, lakini kiapo? Akitoka ukingoni amekivunja. Basi akaketi, akaenda na ufalme wake, na ufalme ulikuwa ukipungua.

Ndege wakacheza siku ile mpaka manyoya yakawatoka. Pwani nzima ilikuwa yao. Buabua peke yake hakucheza. Akaruka juu kutazama barafu iliyobaki. Ilikuwa kubwa bado, kubwa ya kutisha. Lakini kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliona mahali inapoishia kwa nyuma.

Binti yake, yule wa yai la mwaka wa kwanza, akamfuata. “Mama, mwakani ukingo utakuwa wapi?”

“Mwaka jana ungeniuliza, mwanangu, ningekuambia,” Buabua akasema. “Sasa mimi mwenyewe sijui.”

Wakaitegea barafu sikio. Tiririririri.

Hadithi yangu imefika ukingoni: ikiwa tamu irambeni, ikiwa baridi ipulizieni.

—Na funzo lake, bibi?

—Funzo lake ni rahisi. Mkigawiwa mali, chagueni barafu, maana haiozi. Na mkitaka kujua kesho itakuwaje, tazameni jana, kwa sababu mambo huenda kwa hatua moja moja, hivi hivi, hayana haraka. Mbona mnacheka? Mwinyihaji, wewe unacheka nini, nawe ile barafu yako uliyokuwa ukiirambaramba tangu mwanzo imekumwagikia yote kwenye shati?