Tufaha la Njano na Kitambaa Chekundu

Paukwa!

Pakawa!

Tufaha!

La nani?

La atakayenyamaza! Basi nyamazeni. Na wewe Mbaruku, toa kidole puani, hadithi haimo humo.

Hapo kale, kwenye mlima wa baridi kali, aliishi mama mmoja jina lake Nyamvua, na binti yake, Mashavu. Baba alikwisha kufa. Walikuwa wawili tu, na mbuzi wao, na miti yao ya matufaha.

Watu wa mlima ule walikuwa na desturi yao. Miti ikianza kuzaa, kila mti ulifungwa kitambaa chekundu shinani, ili matunda yaione rangi ile, yasisahau kuwa mekundu. Na tufaha haliliwi mpaka liwe jekundu. Walisema hivyo wakubwa, wakasema hivyo wadogo.

Ila mlangoni kwa Nyamvua palikuwa na mti mmoja wa ajabu. Kitambaa ulifungwa, tena kikubwa, lakini wapi! Matunda ya miti mingine yangali mabichi, magumu kama kokoto, yake yalikuwa ya njano, ngozi nyembamba, yakaanguka. Pu! Yakilala chini siku mbili, yamekwisha kuwa uji. Watu walisema mti ule unaumwa. Kila mwaka Nyamvua aliyafagia akawatupia mbuzi.

Siku moja Mashavu akasema, "Mama, la njano limeiva. Nimelionja."

"Umelionja? Tema! Tufaha haliivi mpaka liwe jekundu."

"Lakini mama, ni tamu, lina uchachu kidogo, na maji yake..."

"Nimesema tema!" Akamzaba kofi. Mtoto akaenda kulilia bandani, kwa mbuzi. Kofi lile, wajukuu zangu, lilikuja kumuuma aliyelipiga.

Basi siku moja Mashavu alikwenda kukata majani ya mbuzi, na zimwi likamkamata. Nyamvua alipopata habari alipanda mlima mbio, kanga imemdondoka, mpaka mlangoni pa pango.

"Zimwi, nirudishie mwanangu!"

"Simli," likasema zimwi. "Nimekula nyama maisha yangu yote, kinywa changu kinanuka damu, nimechoka. Nataka kitu kitamu. Niletee tufaha lililoiva kabla mvua haijanyesha, umchukue mwanao. Mvua ikikutangulia, ataota mizizi hapa hapa, awe mti wangu."

Nyamvua akarudi akilia. Masikini! Matufaha mekundu huiva baada ya mvua, si kabla. Hata hivyo akafunga vitambaa vipya, vyekundu sana, kila mti. Akakaa chini kuyatazama matunda. Mabichi. Na nyuma yake, mlangoni, yale ya njano yakianguka. Pu! Pu!

Asubuhi akasikia wimbo kutoka mlimani:

*Mama, la njano limeiva,*
*Mama, usingoje jekundu,*
*Mama, wingu linakuja.*

Nyamvua akasema, "Mwanangu ana njaa, anaweweseka." Akafagia yale ya njano akawatupia mbuzi.

Mchana akasikia tena:

*Mama, la njano limeiva,*
*Mama, usingoje jekundu,*
*Mama, wingu linakuja.*

Nyamvua akasema, "Zimwi limemfundisha uongo." Akafagia, akawatupia mbuzi. Sikio la kufa halisikii dawa, jamani!

Jioni, wingu jeusi limefunika kilele, akasikia mara ya tatu, na sauti sasa ilikuwa ndogo, imekauka:

*Mama, la njano limeiva...*

Nyamvua akakaa chini ya mti ule mgonjwa akalia kwa sauti. Pu! Tufaha likamwangukia mapajani. Likanukia. Akalishika, akalikumbuka kofi, akalitia kinywani kwa ajili ya mwanawe tu.

Tamu. Lina uchachu kidogo. Na maji yake yakamtiririka mpaka kidevuni.

"Yarabi toba!" akapiga kelele. "Limeiva! Siku zote lilikuwa limeiva!"

Akainua macho. Mtini lilibaki moja tu, juu kabisa. Mengine yote walikuwa wameyala mbuzi. Akapanda, akalichuma, akalifunga katika upindo wa kanga, akakimbia. Akaanguka, akainuka, akakimbia. Akaanguka, akainuka, akakimbia. Akaanguka, akainuka, akaliona pango.

Tone la kwanza likamwangukia begani.

Zimwi lilikuwa limesimama mlangoni, na machozi yakilitoka. "Ameimba tangu asubuhi," likasema. "Hukumsikia?"

"Nilimsikia," akasema Nyamvua.

Mashavu alikuwa amesimama mvuani, miguu imeingia udongoni, magome ya mti yamemfika kifuani. Nyamvua akamkumbatia, akavuta, akavuta, akavuta. Wapi!

"Mama," akasema Mashavu, "umelionja?"

"Nimelionja, mwanangu. Limeiva. Ulisema kweli."

Mtoto akatabasamu. Kisha magome yakamfunika uso.

Zimwi halikulila lile tufaha. Lilimwachia mama, likaondoka, na halikuonekana tena. Nyamvua akaketi chini ya mti mpya mpaka mvua ikakatika, akilipapasa gome mahali palipokuwa shavu alilolipiga.

Aliporudi nyumbani akafungua kile kitambaa chekundu cha mti wa njano, akakichoma. Tangu siku hiyo, kwenye mlima ule, tufaha la kwanza la mwaka huonjwa na mtoto. Wakubwa husimama pembeni na kuuliza, "Limeiva?" Mtoto akisema limeiva, limeiva.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya mti huo. Msikilize aliyeonja, hata akiwa mdogo, kwani si kila kizuri kitakuja na rangi uliyoizoea.

Haya, Mbaruku, usilie. Lete huo mkono, tufaha hili ni lako. Lile leo leo, halilali.