Semboja na Mayai ya Buibui

Sogeeni, jamani, mnisikilize.

Paliondokea mkulima mmoja, jina lake Semboja, mpenda shamba jeupe. Kila alipokwisha kuvuna mtama, alichoma nyasi zote za ukingoni.

Siku moja, kijinga cha moto mkononi, akaitwa na buibui jike kutoka nyasini. "Baba, niachie ukingo huu. Hapa ndipo ninapotagia." Semboja akachoma. Msimu wa pili buibui akamsihi, Semboja akachoma. Msimu wa tatu akamlilia: "Wanangu wakiisha, nani atakula viwavi wa mtama wako?" Semboja akacheka, akachoma.

Moshi ulipotulia akataka kwenda zake, miguu ikagoma. Uzi mwembamba ulikuwa umemzinga toka visigino hadi shingoni. Akajivuta, ukakaza. Akapiga kelele, ukakaza zaidi. Buibui akampanda kifuani, akaning'iniza kifuko cha mayai kwenye ndevu zake.

"Nyasi zangu umezimaliza. Sasa nyasi ni wewe."

Basi Semboja akasimama pale, jua lake, mvua yake. Mkewe, Mwanaidi, alileta kisu, uzi haukukatika. Ikawa kazi yake kumnywesha uji. Mayai yalimtekenya chini ya kidevu, naye hakuthubutu hata kupiga chafya.

Hata asubuhi moja kifuko kikapasuka. Buibui wadogo wakamiminika, wakapeperuka na upepo kuelekea kwenye mtama mchanga alioupanda Mwanaidi. Uzi ukalegea, ukaanguka.

"Mume wangu, twende nyumbani!" Mwanaidi akamshika mkono.

"Ngoja kidogo," Semboja akanong'ona, kichwa hakitikisiki. "Mmoja bado yuko kwenye kope yangu."

Ngano yangu imekomea hapo.