Kamba ya Mwanambuzi

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, Bi Mashavu alikuwa na mabinti wawili. Mwanahawa, mkubwa, hakumpa mama yake sababu ya kufoka hata mara moja. Siwema, mdogo, loo! Mdomo mrefu, kazi hataki. Siku alipomtukana jirani mbele za watu, Bi Mashavu akasema, "Basi! Kuanzia kesho mbuzi ndiye adhabu yako. Banda utafagia wewe, majani utakata wewe."

Mwanahawa akafurahi. Apate, akasema moyoni, apate kabisa!

Lakini kila asubuhi Bi Mashavu alikwenda bandani kumsimamia yule mkorofi. Mwanzo zikasikika kelele. Baadaye maongezi. Baadaye vicheko. Na Mwanahawa yuko jikoni peke yake, moshi machoni. Mimi nisiye na kosa, nani anacheka nami? Wivu ukamkaba. Akakibamiza chini chungu cha mama, makusudi, ili naye aadhibiwe.

Bi Mashavu akaja mbio. "Pole mwanangu, hujaumia? Najua hukukusudia." Akarudi zake bandani. Jamani, alilia yule binti!

Mbuzi alikuwa na mimba. Bi Mashavu akatangaza, "Mtoto atakayezaliwa nitampa aliyemhangaikia mbuzi wangu."

Siku ya kuzaa ikafika, mama yuko msibani, Siwema katorokea ngomani. Mbuzi akalia, mtoto kakwama. Mwanahawa akasimama mlangoni, mikono kifuani. Na afe, mama ajionee kazi ya kipenzi chake Siwema! Mbuzi akalia tena, sauti imekwisha. Mwanahawa akapiga magoti, akamvuta mtoto taratibu, kanga yote damu. Wakapona wote wawili.

Siwema akarudi, akamkuta dada yake amemfunga mwanambuzi kamba.

"Dada, niachie. Miezi yote nanuka mavi ya mbuzi mimi. Nisingemlisha, ungevuta nini?"

"Na mimi nisingekuja, ungekuta mzoga. Ulikuwa ngomani!"

"Siku moja tu, dada!"

"Mimi hata hiyo moja sijapata. Wala ya kucheka na mama."

Bi Mashavu alikuwa amefika, anasikia. Akaichukua ile kamba. Mwanahawa akamwangalia usoni. "Mama, kile chungu nilikivunja makusudi."

Ya pale mlangoni Bi Mashavu hayajui, mnayajua ninyi. Haya, mwanambuzi mmoja, mabinti wawili, na mama kaishika kamba: je, amkabidhi nani?