Biwi na Kijiti Chake

Biwi haliulizwi kwa pua, huulizwa kwa kijiti.

Mlipousikia msemo huu mlicheka, wajukuu zangu, na sasa mmekuja kuuliza umetoka wapi. Si vibaya. Kisa chake kilitokea huku huku milimani Upare, zamani, wakati mbolea haikuja kwa mifuko bali iliivishwa uani.

Nakijwa alikuwa ameolewa karibuni na Mbonea. Mkwewe, Mama Mbonea, mwanamke wa maneno machache, aliitwa kwenda kumuuguza binti yake aliyejifungua. Kabla ya kuondoka alimwonyesha Nakijwa biwi nyuma ya jiko: maganda ya ndizi, samadi ya mbuzi, majani na majivu, vyote vimefunikwa kwa majani makavu ya mgomba. Katikati palichomekwa kijiti kirefu.

"Chomoa hiki ukishike," alisema. "Kikiwa cha moto, mboji inaiva. Kikiwa cha baridi, pana jambo. Bustani imechoka, mwanangu. Tusipopata mboji kabla ya vuli, tutakula ugali kwa chumvi."

Nakijwa alikuwa msafi, tena msafi wa kupita kiasi. Kwao mke mgeni hupimwa kwa uwanja wake, naye alifagia mpaka kuku wakaona haya kukanyaga. Yale majani ya mgomba yakamkera. Akayaondoa akayatupa, kisha akawa anamwaga hapo maji ya vyombo ili uwanja usilowe. Manyunyu ya milimani nayo yakanyesha juu ya biwi lililo uchi.

Asubuhi moja alichomoa kijiti. Kilikuwa cha baridi, kinateleza, kinanuka uvundo. Alielewa kwamba ni mkono wake mwenyewe uliolizima.

Hakukaa kulia. Alikusanya maganda makavu ya maharage na mabua, akashika jembe, akalipindua biwi lote, akichanganya kikavu na kibichi. Uvundo uliokuwa umejificha chini ukatoka wote, ukatanda hadi njiani.

Na mgeni naye hachagui siku. Ndipo Shangazi Nanzia, dada wa marehemu baba mkwe wake, alipofika kumtazama mke wa Mbonea. Alimkuta amepakaa matope mpaka viwikoni. Akaziba pua kwa kanga.

"Huyu ndiye mke tuliyemtolea mbuzi?" akauliza. Hakungoja jibu. Akatuma neno kwa Mama Mbonea: mke wa mwanao anafuga uozo, njoo umrudishe kwao.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Nakijwa alilifunika biwi upya, akafunga nguo zake ndani ya kitenge, tayari kurudishwa kwao, akakiweka mlangoni. Aliogopa, na aliona aibu zaidi kuliko alivyoogopa.

Mama Mbonea aliporudi hakuketi wala hakunywa maji. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, Shangazi akimfuata huku ameziba pua ingawa harufu ilikwisha kuondoka. Akachomoa kijiti. Akakishika kitambo, kisha akamtia wifi yake kiganjani.

"Yallah!" Shangazi akakiangusha. "Kinaunguza!"

"Nani kakufundisha kulipindua?" Mama Mbonea akamuuliza Nakijwa.

"Hakuna, mama. Mimi ndiye niliyeliharibu. Niliyaondoa majani nikidhani nasafisha. Nilipogusa kijiti nikajua limepoa, nikatafuta la kufanya."

"Na ule uvundo?" Shangazi akadakia.

"Ulikuwa unatoka, wifi, hauingii," Mama Mbonea akajibu. "Biwi haliulizwi kwa pua. Huulizwa kwa kijiti."

Kisha akakiona kile kitenge mlangoni. Sauti yake ikashuka.

"Hata mimi, mwanangu, nimekuja na pua. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kukurudisha kwenu, na sikuwa nimekuuliza hata moja. Unisamehe."

Akaokota kijiti, akampa Nakijwa. Katika nyumba ile, mwenye kijiti ndiye mwenye bustani. Vuli ilipofika, mchicha ulisimama mpaka kiunoni, na Shangazi Nanzia ndiye aliyeondoka na fungu kubwa kuliko wote.

Basi kesho mkiambiwa fulani hafai, fulani ananuka, kabla ya kuziba pua zenu nendeni mkamguse. Biwi haliulizwi kwa pua, huulizwa kwa kijiti.